Kitufe Namba Mbili

Ile tamthilia niliiua mimi. Wengine watawaambia ni waandishi wake, wengine watasema ni wale watoto waimbaji wa chaneli nyingine, lakini muuaji ndiye huyu anayeongea nanyi, mke wa mkaguzi wa tiketi mstaafu, hapa mjini Miraj, ghorofa ya pili, mlango wa kushoto. Niliiua kwa kidole changu mwenyewe, kila jioni, miezi minane, nikiwa na akili zangu timamu. Kama zipo.

Binti yangu Ketaki alikuwa ndani yake. Tamthilia iliitwa Wakwe wa Ratnagiri, saa moja mpaka saa moja na nusu jioni, Jumatatu hadi Jumamosi. Yeye alikuwa Bhanumati, mke wa mtoto wa mwisho, yule ambaye mama mkwe anamnyima funguo za kabati. Miaka mitatu kabla ya hapo alikuwa ametoka humu ndani kwenda Mumbai kuigiza, baba yake akiwa ameshamtafutia mchumba, karani wa benki kule Pune, na kadi za harusi ziko kwa mchapaji. Baba Ketaki alikagua tiketi za treni miaka thelathini na minne. Kwake yeye mtu ana tiketi au hana, basi. Siku ile alinishika mkono, akauweka juu ya kichwa chake, akaniapisha: nisimpigie, nisimwandikie, nisimtafute. Nikivunja, afe yeye. Haya, niambieni, mke gani wa kwetu atavunja kiapo cha hivyo? Mtoto mwenyewe alipiga simu miezi ya mwanzo. Baba yake alikuwa anakata. Akapiga, akakatiwa, akapiga, akakatiwa, mwishowe akaacha.

Kwa hiyo uso wa mwanangu ulibaki mahali pamoja tu duniani, kwenye kioo cha televisheni, nusu saa kwa siku. Na hapo napo baba yake alipiga marufuku.

"Sura yake isionekane ndani ya nyumba hii," alisema. "Hata humo."

Lakini kwa hilo la televisheni hakuniapisha. Nilimsikia vizuri, nikaliweka moyoni.

Sasa kuna habari ya kisanduku. Kampuni inayopima watu wanatazama nini ilituchagua sisi, katika jengo zima la nyumba kumi na sita, ikaweka kisanduku juu ya televisheni yetu na rimoti yake. Yule bwana wa kampuni, Sutar, mtu mpole mwenye mkoba wa turubai, alitueleza taratibu: ukikaa kutazama unabonyeza namba yako, ukiinuka unaibonyeza tena. Baba namba moja, mimi namba mbili. Na tusimwambie mtu yeyote. Mume wangu alifurahi kama amerudishiwa kofia yake ya kazi. Alistaafu akabaki hana la kukagua, sasa serikali imemkumbuka! Nikamwambia si serikali, ni kampuni. Akaniambia ninyamaze, sijui mambo ya ofisi.

Wiki ya pili tu, simu ikapigwa kutoka ofisini kwao. Televisheni iliwaka saa sita mchana na hakuna aliyebonyeza, kulikoni? Mimi ndiye niliyeiwasha, nilikuwa nachambua dengu. Mume wangu akanigeukia kwa lile jicho lake la behewani.

"Saa sita na dakika kumi. Nani alikuwa anatazama?"

"Mimi. Mapishi."

"Na kwa nini hukubonyeza?"

Hapo ndipo nilipotia akilini mwangu upumbavu wangu wote. Nilijiambia, kumbe kisanduku hiki ni mpelelezi. Kila ninachotazama kinapelekwa ofisini, na ofisi inampigia mume wangu. Nikimtazama Ketaki humu ndani, kesho yake atajua. Hakuna aliyeniambia hivyo. Nilijitungia mwenyewe, nikajiamini.

Basi nikapanga. Kila siku saa moja kasorobo Baba Ketaki huvaa viatu na kwenda matembezi yake, hurudi saa mbili kasorobo. Akitoka tu, mimi nawasha televisheni, naweka chaneli ya watoto waimbaji, mashindano yao yanaanza saa moja hiyohiyo, nabonyeza namba mbili, titi!, kisanduku kijue mama wa nyumba ametulia anasikiliza nyimbo za watoto. Kisha nafunga mlango, navuka korido, naingia kwa Shalan.

Shalan ni jirani yangu, mjane, mnene, hana siri hata ya senti moja ila hii moja aliitunza. Alikuwa ananingoja na chai imeshamiminwa.

"Njoo upesi, Mama Ketaki, yule mkwe mchawi leo kamfichia mwanao gesi ya kupikia!"

"Atakufa vibaya yule mwanamke."

"Ni mwigizaji, shoga."

"Najua. Afe vibaya na uigizaji wake."

Tulikaa pale tukamtukana mama mkwe mpaka matangazo. Sikuwa natazama hadithi, niwe mkweli. Nilikuwa natazama kama amekonda. Nilikuwa natazama vidole vyake, ana tabia ya kula kucha akiwa na wasiwasi, na mwezi wa Machi kucha zote zilikuwa zimeisha. Nilimwambia Shalan mtoto huyu halali vizuri. Siku alipovaa sari ya manjano ya kazi za jikoni, nywele kazifunga nyuma, alifanana na mama yangu hata nikashika mdomo. Saa moja na nusu ikifika, nanyanyuka, narudi kwangu. Televisheni inaimbia viti vitupu. Nabonyeza namba mbili, nazima, nakanda unga wa mtama. Baba Ketaki akirudi anakuta mikate ya bhakri ya moto na mke mtulivu.

Miezi minane. Nilijiona mjanja, jamani. Nilikuwa napita mbele ya kile kisanduku nakikonyeza.

Jumamosi moja asubuhi Bwana Sutar alikuja kwenye ukaguzi wake wa kawaida. Baba Ketaki alikuwa ameenda kuchukua pensheni, nikampa chai na poha, mchele uliopondwa nilioukaanga asubuhi.

"Mama, nyumba yenu ni ya mfano," alisema. "Ofisini wanafurahi. Kitufe kinabonyezwa kila siku kwa wakati, hakuna mchezo."

"Hivi, ndugu yangu," nikamwuliza, "hizo habari mnampa nani?"

"Wenye vituo. Ndizo zinazowaambia kipindi gani kiishi na kipi kife."

"Kipindi kife kwa ajili yangu mimi? Acha utani wako."

"Mama, ukipika wali sufuria nzima unaonja punje ngapi? Mbili, tatu. Zikiiva, unasema wali umeiva. Basi ninyi ni zile punje. Ukitazama wewe, tunahesabu maelfu kwa maelfu wametazama. Usipotazama wewe, hao wote hawakutazama."

Nikaweka kikombe chini. Nikamwuliza, na mtu akitazama kwa jirani? Akacheka. Cha kwa jirani hakihesabiwi, alisema, jirani hana kisanduku.

"Na mume wangu mnampa hizo habari?"

"Mumeo? Za nini? Hata mimi sizijui. Siku ile walipiga kwa sababu tu hakuna aliyebonyeza, hawakutaka kujua lolote jingine."

Nilimsindikiza mpaka mlangoni nikitabasamu, nikarudi nikakaa chini jikoni. Kila jioni kwa miezi minane nimeketi kwa Shalan nikimlilia mwanangu, na nyuma yangu, mlango wa pili, kidole changu kinawaambia Mumbai kwamba watu maelfu kwa maelfu hawamtaki, wanataka watoto waimbaji. Nilijipiga kofi. Kweli, nilijipiga.

Nikaapa kwamba kuanzia jioni hiyo nitamtazama kwangu. Baba Ketaki akijua na ajue, anifukuze nikalale kwa Shalan. Alipotoka na viatu vyake, nikawasha, nikaweka Wakwe wa Ratnagiri, nikabonyeza namba mbili kwa nguvu, nikakaa katikati ya sebule kama bibi harusi. Shalan akaja kuniita, nikamwambia leo njoo wewe.

Ikaanza. Chini ya kioo yalikuwa yanapita maandishi: wiki ijayo ndiyo ya mwisho. Shalan akayasoma kwa sauti. Jana tulimwacha Bhanumati mzima; leo tukaona sebule ya wakwe, wanawake wamevaa nyeupe ya msiba, mama mkwe analia kwa sauti. Kamera ikasogea ukutani taratibu, na muziki wao ule wa kutisha. Pale palikuwa na picha kubwa ya Ketaki wangu, anatabasamu, na picha imevishwa shada la maua ya manjano, na chini yake taa ya mafuta inawaka.

Kwetu picha ya aliye hai haivishwi maua. Hata mtoto mdogo akicheza hivyo anachapwa.

Sikulia. Shalan ndiye aliyelia. Mimi nilisimama nikaenda mpaka kwenye kioo nikaweka kiganja juu ya yale maua, nikayafuta, nikayafuta, kama ni vumbi. Shalan alikuwa ananivuta kwa pindo la sari.

Mlango ukafunguka kwa kishindo. Baba Ketaki. Saa moja na dakika kumi na mbili, mtu ambaye harudi kabla ya saa mbili kasorobo. Aliingia na viatu miguuni mpaka sebuleni, anahema, shati limemkaa upande.

"Wamemvisha maua," alisema. "Umeona? Wamemvisha mwanangu maua!"

Nilimtazama. Nikatazama televisheni. Nikamtazama tena.

"Umeonea wapi wewe?"

Akaegemea ukuta. "Kwa Namdev kinyozi. Ana televisheni ndogo pale juu ya kioo chake."

"Tangu lini?"

"Tangu siku ya kwanza."

"Na matembezi?"

"Matembezi gani, mwanamke? Ndevu zangu zinanyolewa mara mbili kwa siku, hukuona?"

Nilikuwa nimeona. Nilidhani ni ubishi wa uzee. Lo, hasira iliyonipanda pale! Nilimtukana mbele ya Shalan, maneno ambayo sijawahi kumwambia tangu aniweke ndani. Nilimwambia umetuua. Umekaa kwa kinyozi unamtazama, mimi nimekaa kwa jirani namtazama, na humu, humu penye kisanduku, tumewawekea wale watoto waimbaji viti vitupu! Nikamweleza ya Sutar, ya punje za wali. Akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akatoa simu yake, akapiga namba bila kuitafuta, aliijua kwa kichwa, akanipa.

"Na kiapo?" nikamwuliza.

"Nilikufunga mimi, nakufungua mimi. Ongea naye. Mimi siwezi."

Iliita mara mbili. Sauti yake ikaja ya haraka, ya mtu wa kazini: "Bwana, nimesema vito vya kuigizia nitavirudisha Jumatatu."

"Ketaki. Ni mimi."

Nikabonyeza pale sauti isikike chumba kizima, ili na baba yake asikie.

"Mama? Nani amekufa?"

"Wewe," nikasema, na hapo ndipo nilipolia. "Nimekuona kwenye picha."

"Mama, ni kazi tu hiyo. Wewe ulikuwa unatazama?"

"Kila siku. Mwezi wa Machi ulikula kucha zote."

Nikasikia mlango unafungwa upande wake.

"Kila Alhamisi namba za watazamaji zikija," alisema, "wenzangu walikuwa wanasikiliza jumla. Mimi nilikuwa nasikiliza upande wa kwetu tu. Walikuwa wanasoma, upande wa Miraj na Sangli, karibu na sufuri. Wiki baada ya wiki. Nikasema basi, hata mama yangu. Hata yeye ananizima."

"Sikukuzima, mwanangu! Nilikuwa kwa Shalan! Ni kile kisanduku, mimi mjinga..."

"Mama, nimeolewa."

Shalan akakaa kwenye mkeka.

"Jumapili iliyopita, hekaluni, Dadar, hapa hapa Mumbai. Tulikuwa watu tisa. Ni mtu mzuri, ni fundi wa taa. Nilikuwa na kadi yenu ya mwaliko nimeiandika, naibeba kwenye mkoba miezi miwili. Alhamisi ile walipoleta namba za mwisho nikaichana. Kuhani aliuliza nani anamkabidhi binti, maana hiyo ni kazi ya baba. Mzee wetu wa mavazi ya tamthilia akasogea, akaushika mkono wangu akauweka kwenye wa mume wangu. Alikuwa na sindano bado kwenye kola."

Baba Ketaki alinyoosha mkono. Nikampa simu. Aliishika kwa mikono miwili, akaisogeza mdomoni.

"Nilikuwa nakuona. Kwa Namdev. Sijakosa hata siku moja."

"Baba?"

"Hata siku ya mafuriko."

Nilimsikia mwanangu anavuta pumzi. Hakuwa na hasira, laiti angekuwa na hasira. Alisema polepole, "Baba, ningejua, ningekungoja." Kisha akasema mama mkwe wake anamwita, wana wageni, atapiga siku nyingine. Simu ikakatika.

Shalan aliondoka bila kuaga. Televisheni ilikuwa inatangaza sabuni. Mume wangu alikaa chini na viatu vyake vilevile, simu iko mapajani, na mimi sikumwambia avivue. Baada ya muda akaniuliza kama Ketaki amesema yule mzee wa mavazi anaitwa nani.

Nikamwambia hakutaja.