Maua ya Mama kwenye Kompyuta Kuukuu

Mimi ni fundi kompyuta, na mdomo ninao. Ukiniletea kompyuta yenye mfumo uliopitwa na wakati, nitakusema mpaka ujute kunifahamu. Lakini iliyo kuukuu kuliko zote ilikuwa nyumbani kwa Baba.

Ndiyo iliyoendesha mashine ya kutarizi ya marehemu Mama. Mashine ile haielewani na mfumo mpya hata uibembeleze vipi, na ule wa zamani, waliouunda waliacha kuurekebisha miaka kumi iliyopita. Humo mlikuwa na maua yote aliyochora Mama, mia mbili na ushee. Baba alikuwa akiyatarizi moja moja kwenye shuka la mtoto atakayezaliwa na dada yangu.

Basi nikaweka sheria. Nikang'oa waya wa intaneti, nikaziba tundu lake kwa selotepu. Baba akaandika ukutani kwa wino mwekundu: hakuna intaneti, hakuna michezo, usichomeke kitu cha mtu. Mzee alizishika kweli kweli. Shemeji alipotaka kuchaji simu yake pale, alitolewa macho mpaka akanywea.

"Hivi huwezi kunitolea nakala?" Baba aliniuliza siku moja.

"Nitatoa, Baba. Wiki ijayo."

Wiki ijayo hiyo ikala miaka miwili.

Jumamosi nikampelekea ua jipya nililolipata mtandaoni, eti nimfurahishe. Flashi niliyolibebea ilikuwa imeshinda ikiingia na kutoka kwenye kompyuta za wateja, nyingine zinaumwa hasa. Nikaichomeka. Wala sikufikiria. Fundi, bwana!

Jumatatu Baba akanipigia simu, mashine imesimama katikati ya kazi. Nilipofika nikakuta kila ua limebadilishwa jina, halifunguki. Virusi. Vilikuwa vimeyafunga mafaili yote kwa ufunguo nisio nao. Nikatafuta viliingia lini: Jumamosi, saa kumi na dakika nane jioni. Ndiyo saa ile ile niliyochomeka flashi yangu.

Baba alisimama mlangoni na kitambaa cha vumbi mkononi.

"Nisamehe, mwanangu. Asubuhi nilifuta vumbi huko nyuma, labda nilibonyeza kitu. Lakini tundu sijaligusa, haki ya Mungu. Sheria zako nazisoma kila siku."

Ningeweza kunyamaza. Angejilaumu mwenyewe mpaka kaburini, na mimi ningebaki kuwa fundi hodari. Nilijichukia kwa kuwaza hilo tu.

"Ni mimi, Baba. Flashi yangu ndiyo iliyovileta."

Hakugomba. Heri angegomba! Alivuta kiti, akakaa mbele ya mashine, akalishika shuka. Ua la mwisho lilikuwa limeishia nusu. Akapitisha kidole pale uzi ulipokomea.

"Hili alilichora ulipozaliwa wewe," akasema. "Lilikuwa na majani mangapi? Unakumbuka?"

Sikukumbuka.