Upinde Hewani

Mtunzi wa muziki alikuwa akisikiliza kwa macho. Alisimama katikati ya studio, hedifoni masikioni, asiyabandue macho yake kwenye upinde wa mpiga fidla. Ukianza kuteleza juu ya nyuzi, alijua sauti imezaliwa. Ukitulia, alijua imekufa. Kati ya kuzaliwa na kufa hakusikia kitu.

Ilianza na birika la jikoni. Lilipiga mluzi hadi maji yakakauka, naye amekaa pembeni yake akikuna kichwa kutafuta muziki wa filamu. Akalilaani birika kuwa limeharibika. Kisha ndege wa alfajiri wakanyamaza, akasema wamehama. Kila kitu duniani kilikuwa na kasoro isipokuwa masikio yake. Sasa aliogopa kugunduliwa. Muziki wa filamu hii ya kutisha aliubeba yeye, na mwongozaji aliyekaa nyuma ya kioo alishawahi kumtimua mtunzi mwingine kwa kosa dogo tu. Asiyesikia fidla, nani atampa kazi tena?

Kando ya mwongozaji, kwenye mitambo, alikaa fundi wa sauti, binti yake wa kumzaa. Huyo ndiye aliyemtia hofu zaidi. Masikio yale aliyanoa yeye mwenyewe, tangu binti akiwa mtoto wa kupakatwa.

Kwenye skrini, mwanamke aliukaribia mlango uliorudishiwa. Besi ikanguruma, sauti nzito kama hiyo bado aliisikia, hata nyayo zake ziliisikia. Mlango ukafunguka. Upinde ukapanda, ukateleza taratibu, ukasimama.

"Hiyo hiyo," mtunzi alisema. "Imenisisimua mwili. Usiiguse tena."

Mpiga fidla aliitazama fidla yake kana kwamba imemsengenya. Akaeleza kwa adabu kwamba alikuwa hajapiga bado. Alikuwa akipitisha upinde hewani tu, apime mwendo wake na picha.

Kicheko cha mwongozaji kikajaa kwenye hedifoni. Mzee na mizaha yake, alisema, iko siku atatuvunja mbavu. Njia ya kuponea ilikuwa hiyo: acheke naye, yaishe. Mtunzi alikuwa ameshafungua kinywa acheke, ndipo ikaja sauti nyingine, ya chini, iliyoelekezwa kwake peke yake.

"Baba, tangu lini?"

Akainua macho kwenye kioo. Binti yake hakuwa akicheka. Alikuwa ameuziba mdomo kwa kiganja, kama alivyofanya utotoni radi zikipiga. Mtunzi akaona kwamba hofu aliyoificha kwa uangalifu wote ule ilikuwa imeshampata mtu wa pili, na mtu huyo hakuwa na pa kuiweka.

Akaomba picha irudishwe mwanzo. Safari hii alimpa mpiga fidla mgongo, akafumba macho. Besi ikaja, ikapita. Baada yake, giza tupu lisilo na ukingo.

"Mwanangu," alisema, kwa sauti ya kusikika studio nzima, "niambie sauti ya fidla imefika wapi."

Nyuma ya kioo kicheko kilikatika. Mtunzi akangoja.

"Imeanza, baba," binti alisema. "Nyembamba. Inapanda." Akavuta pumzi. "Bado inapanda."