Jirani wa Mashariki

Kabla ya adhana ya alfajiri Shamimu alisikia ndala zikigonga mguu wa kitanda. Ko. Zikanyamaza. Ko. Alidhani ni panya, akashusha mguu ili amfukuze, mguu ukazama majini hadi kifundoni. Maji yalikuwa ya uvuguvugu. Akachovya kidole, akaonja. Chumvi.

Alimsogeza mwanawe Hamisa, wa miaka minne, upande wa ukutani asije akadondoka. Akaunyanyua mfuko wa unga, akauweka juu ya kabati. Kisha akafungua mlango aone yanatoka wapi. Ua mzima wa nyumba yao ya Kwamndolwa, Korogwe, mbali na pwani, ulikuwa bahari. Ilikuwa imeingia taratibu, ikaishia kwenye michongoma ya jirani, Mama Semboja, bila kuivuka. Kuku walikuwa wamehamia juu ya bati. Kulipopambazuka maji yalirudi nyuma, yakaacha mchanga mweupe, mwani, na kaa mmoja ambaye paka alimtazama kisha akamwacha.

"Imekufuata wewe, mke mwenzangu," alisema bibi yake, Bibi Mashavu, akikamua pindo la khanga. "Mimi nimekaa nayo miaka thelathini, haijawahi kunivukia kizingiti."

Shamimu alijua sababu. Wiki tatu nyuma mjomba wake Sadala, mtoto wa mwisho wa Bibi, alikuja kutoka Handeni na bahasha ya kaki. Bibi alikuwa na shamba la minazi ekari tatu ufukweni, upande wa Pangani. Mumewe, marehemu Mzee Jabiri, alikwenda huko ujanani kukata mkonge, akapata kipande, akapanda minazi, akaishi huko na Bibi, na huko akazikwa. Kila baada ya Idi Bibi alikwenda kupalilia kaburi. Sadala alisema kuna wageni wawili kutoka nje, mtu na mkewe, wastaafu, wanataka kukodi pale miaka mitatu waweke mahema. Bibi akaweka dole gumba.

Ukurasa wa pili ulitaka majirani wa pande nne wasaini kwamba wanaujua mpaka na hawana kinyongo. Kwa kuwa Shamimu ndiye anayekwenda masomo ya jioni na mwandiko wake umenyooka, akapewa ajaze yeye. Ukurasa wa kwanza ulibaki chini ya kiwiko cha mjomba. Kaskazini, kusini na magharibi wenyewe walikwisha kusaini. Mashariki ilikuwa bahari.

"Hapa nani anasaini, mjomba?"

"Saini wewe kwa niaba. Bahari ina mkono?"

Shamimu akaandika *Bahari*, kwa B kubwa, na mbele yake akaandika *k.n.y.* na jina lake.

Tangu hapo bahari ilimhesabu kuwa mtu wake. Baada ya alfajiri ile ilikuja mara mbili kwa siku, ikichelewa karibu saa moja kila siku kama ilivyo desturi yake. Watu wa Old Korogwe, wanaokaa jirani na mto, walisema haikupita kwao. Mzee Abdulhussein wa dukani aliuliza mbona siku hizi Shamimu hanunui chumvi. Alipoambiwa, akapunguza pakiti katika oda yake.

Mama Semboja ndiye aliyelalamika. "Shamimu, mwambie mgeni wako anazilowesha kuni zangu nilizoegemeza michongomani. Na kesho aje na samaki basi, si magugu matupu!"

"Nitamwambia, mama."

Sadala aliporudi, maji yalikuwa yamejaa. Alivuka ua amekunja suruali, viatu mkononi.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Handeni tunanunua maji kwa dumu, ninyi yanawafuata kitandani halafu mnanuna."

"Sadala," Bibi alisema, "miaka mitatu imeshaanza kuhesabiwa? Nataka kwenda kwa baba yako."

Sadala aliangalia maji. Alisema kule sasa pana geti. Shamimu akamwomba ukurasa wa kwanza. Kwa kuwa mkoba wake ulikuwa umeanza kulowa chini, alimpa huo ukurasa aushike. Akausoma mara mbili, kama walivyofundishwa darasani. Juu kabisa paliandikwa *Mkataba wa Mauziano*, na mnunuzi alikuwa kampuni ya wale wageni.

"Mama, ni watu wazuri," Sadala alisema. "Wanapenda sana mawio."

Bibi aliingia ndani akakunja mkeka wake, ule wa kukalia makaburini, akausimamisha kona.

Shamimu alikwenda kuuliza, akaambiwa pingamizi husikilizwa na baraza la ardhi la kata ya kule kule liliko shamba, na kwamba neno la jirani wa mpaka asiyeridhia lina uzito. Siku ya kikao alichota bahari uani ilipokuwa imejaa, dumu la lita ishirini, akalifunga vizuri, akamshika Bibi mkono, wakaenda.

Mwenyekiti aliita majirani mmoja mmoja.

"Jirani wa mashariki?"

"Yupo," Shamimu alisema, akasogeza dumu mbele.

"Mfungue basi ajieleze."

Saa sita na robo, bahari ya nje ilipoanza kupanda, ya kwenye dumu nayo ilipanda. Ikamwagika juu ya meza, ikazunguka miwani ya mwenyekiti na simu ya karani, ikaufikia ukurasa wa pili. Ikaufuta mstari wake, jina na saini, tone lisiguse mistari mingine. Ikarudi ndani ya dumu. Karani akaandika kwamba jirani wa mashariki amehudhuria.

"Baraza limeona hajaridhia," mwenyekiti alisema, na kweli alikuwa mpole. "Ila mhuri uko pale pale. Mhuri ukishapigwa, kinachobaki ni utekelezaji."

"Na mimi je?" Bibi aliuliza.

"Bibi yangu, dole gumba lako lipo ukurasa wa kwanza."

"Nililiweka kwa ajili ya mahema."

"Wengi husema hivyo, bibi."

Walipotoka walikwenda shambani kuirudisha bahari kwake, na Bibi apate kusoma Fatiha. Mlinzi wa geti, kijana mwenye adabu, aliwaambia wenye eneo hawapokei watu bila miadi. Nyuma yake minazi ilikuwa imekatwa nusu, na baraza la mbao la kukalia wageni lilikuwa limefika usawa wa kaburi. Wakarudi Korogwe na dumu lao.

Shamimu alianza kuandika rufaa. Mwalimu wa masomo ya jioni alimsahihishia koma, akamwambia hoja ni nzuri, na Shamimu akaamini. Sasa yuko kwenye nakala ya tatu.

Bahari nayo iliendelea kuja, lakini iliacha kutandaza mchanga ua mzima. Kila ilipokupwa ilikusanya mchanga wake mahali pamoja, nyuma ya jiko, kidogo kidogo, kama mtu anayehamisha vitu kwa miguu. Mwezi ulipotimia palikuwa na tuta la urefu wa mtu. Bibi alilipima kwa hatua, akaitikia kwa kichwa.

"Ndiye mzee wangu. Hakuwa mrefu huyu."

Akautoa mkeka konani. Mama Semboja alileta mche wa mnazi, akasaidia kuupanda kichwani pa tuta, akaondoka bila kutaja kuni. Kila asubuhi Bibi alizoa majani yaliyodondoka juu ya tuta, akakaa, akazungumza Kizigua kwa sauti ya chini, akipumzika pale mwenzake angejibu.

Kule ufukweni baraza la mbao lilikamilika, wageni wakahamia. Sadala alipiga simu kusema wanasalimia.

Ijumaa moja maji yalijaa kuliko siku zote. Bibi alikuwa bado anatawadha, na Shamimu alikuwa amekaa kitandani, miguu juu, akisoma rufaa yake kwa sauti apate kusikia inapokwama. Hamisa aliingia kutoka nyuma ya jiko, gauni limemganda mapajani, akasimama mlangoni.

"Mama," akasema, "babu amelowa."