Shubiri Moja na Vidole Viwili

Tulikuwa tumeshaipita Bigwa, asubuhi ya Jumamosi, vioo vyote wazi, ndipo Salehe akanikumbusha kwa mara ya nne kwamba gari limenyanyuliwa.

“Mzee Said, unaona tulivyokaa juu?”

“Naona, mwanangu.”

“Zamani tuta kama lile ningelazimika kupunguza mwendo.”

“Mbona umepunguza?”

“Nimepunguza kwa kupenda.”

Mimi magari nimeyajua kwa kuyasukuma. Nilikuwa utingo wa malori ya machungwa nikiwa na darasa la pili la Matombo. Darasa la nne nililipata Kilosa, la tano sikulimaliza popote, na kati ya hapo na leo nimekata miwa Turiani, nimechoma mkaa, nimelinda nyumba za watu ambao sikuwahi kuwaona. Mtu wa namna hiyo akizeeka wanampa kazi ya ushenga. Wanasema amezoea kwenda na kurudi.

Safari yenyewe ilikuwa hii. Salehe, karani wa mjini, alitaka kumuoa Zuhura, binti wa Mzee Yusuph wa Kingolwira. Posa niliipeleka mimi, ikapokewa. Kilichobaki ni kikao cha kupanga mahari, na kikao hicho kwetu Waluguru hakikai bila mjomba wa kijana, kaka wa mama yake. Baba yake Salehe ni marehemu. Hata angekuwa hai, angekaa pembeni ya mkeka akitikisa kichwa. Mwenye neno ni mjomba, na mjomba, Mzee Stambuli, anakaa juu ya Kinole, mahali ambapo barabara ikifika inajuta.

Kikao cha kwanza kilikufa. Salehe alikwenda kumchukua mjomba na gari lake hilo, likalalia tumbo katikati ya njia, pale malori yalipochimba pande mbili na kuacha mgongo wa udongo katikati. Matairi yakawa yanazunguka hewani, yeye ndani yake, hadi magharibi. Kikao cha pili kilikufa kabla ya Mkuyuni, jiwe lilipong'oa kava la chini likabaki barabarani kama kobe.

Sasa huyo Mzee Yusuph aliwahi kuwa mkuu wa stesheni. Kwa miaka thelathini treni hazikumtii, na tangu astaafu anataka watu ndio wamtii. Aliniita akaniambia, “Mshenga, Jumamosi hii, saa kumi kamili alasiri. Ikifika saa kumi na dakika moja, naijibu ile posa ya mwalimu wa Turiani.”

Mwalimu wa Turiani alikuwapo kweli. Nilimwona kwa macho yangu. Alikuwa na baiskeli na hajawahi kuchelewa popote.

Mtu atauliza, kwa nini mjomba asipande bodaboda? Hata mimi niliuliza. Salehe alinitazama kana kwamba nimesema tumlete ndani ya kiroba.

“Mjomba wangu? Abebwe kama gunia la mkaa? Mzee Said, mimi nina gari.”

Basi gari likanyanyuliwa. Lilikuwa moja ya vile vigari vya siku hizi vinavyotaka kufanana na magari ya porini. Kwa nje limevimba, lina plastiki nyeusi juu ya matairi, lina reli kwenye paa. Kwa chini limekaa kama taksi. Tulikwenda duka la vipuri la Shabbir, ambaye babu yake aliuza misumari kwenye kaunta hiyohiyo. Shabbir hakuinuka kitini.

“Unataka kunyanyua kiasi gani?”

“Kikubwa,” Salehe akasema.

“Umepima wapi?”

Salehe akaonyesha ubavuni, chini ya mlango.

“Hapo hapagongi kitu, kaka. Jiwe haliji mlangoni kubisha hodi. Lala chini, tafuta kinachoning'inia kuliko vyote. Ekzosi, sampu ya oili chini ya injini, chochote kile. Toka hapo mpaka ardhini, ndiyo nafasi uliyonayo. Halafu pima tena watu wakiwa ndani na mzigo uko kwenye buti. Wewe umepima gari lenye njaa.”

Akatueleza kwamba dawa ni springi ngumu zaidi, na matairi yaliyozidi urefu kidogo. Spesa, zile pete nene za mpira zinazowekwa juu ya springi, zinainua gari lakini springi inabaki ileile. “Ukilijaza litazama kama lilivyokuwa likizama,” akasema. Salehe akamshukuru sana kwa elimu hiyo, akanunua spesa.

Fundi Severini, mtu wa Mgeta, alizifunga kwa nusu siku. Alipomaliza akachutama, akapima kwa mkono palepale ubavuni.

“Shubiri moja na vidole viwili!”

Salehe naye akapima kwa shubiri yake, ikatoka moja na vidole vitatu, akafurahi zaidi. Nikaambiwa na mimi nipime. Mikono yangu ni mirefu, ikatoka shubiri moja kavu. Wakasema nimezeeka.

Severini akatoa onyo moja, kwamba jointi za matairi ya mbele sasa zitafanya kazi zimepinda, na zikianza kulia tak-tak kwenye kona, gari lirudishwe. Salehe alikuwa ameshawasha redio.

Kwa kupanda, nisiseme uongo, gari lilipanda. Tulipofika pale lilipolalia tumbo mara ya kwanza, lilipita bila kugusa hata jani. Salehe akasimama, akashuka, akapiga picha ule mgongo wa udongo kama mtu aliyemwangusha nyati. Kisha akampigia Zuhura, simu akaifungua sauti ili nami nisikie ushindi.

“Zuhura! Tumepita pale!”

“Hongera. Mjomba yumo?”

“Bado, ndiyo tunapanda.”

“Salehe, mimi sikuposwa na gari. Niletee mjomba. Baba ameshavaa saa.”

“Si bado mapema?”

“Amevaa mbili. Moja kila mkono.”

Tulifika saa nne. Mzee Stambuli alikuwa amekaa mlangoni kwenye kigoda, kanzu imepigwa pasi, kofia kichwani, fimbo magotini, kama mtu aliyekaa hivyo tangu juzi. Salehe akampa shikamoo huku ameinama. Mjomba akaitikia, akalizunguka gari mara moja, akasema, “Limekua.”

Tukala. Nyumbani kwa mjomba huli haraka, maana ukila haraka utaambiwa una njaa, na ukiwa na njaa utaongezwa. Ilipofika saa sita mimi nikaanza kukohoa. Ndipo mkewe, Bi Asia, akatoka nyuma ya nyumba na mkungu wa ndizi kichwani.

“Mjomba haendi kwa watu mikono mitupu,” akasema.

Mkungu ukaingia kwenye buti. Ukaja wa pili na wa tatu. Yakaja mafenesi mawili, kila moja lina uzito wa mtoto wa darasa la kwanza. Likaja gunia la mananasi, debe la magimbi, mfuko wa pilipili manga, jogoo mmoja aliyefungwa miguu. Majirani waliposikia gari linashuka, nao wakaleta vyao vya kumtunza bibi harusi. Buti likajaa, kiti cha nyuma kikajaa, vikaanza kupanda kwenye zile reli za paa.

Nikamnong'oneza Salehe, “Mwambie inatosha.”

“Nani amwambie?”

“Wewe, mpwa wake.”

“Mzee Said, wewe ni Mluguru au wa kuja?”

Alikuwa na haki. Mpwa hamwambii mjomba kwamba zawadi imezidi. Ni sawa na kumwambia apunguze heshima yake. Na ardhi tuliyokuwa tumesimama juu yake, siku moja mjomba ndiye angempa.

“Basi pima,” nikasema.

Akachutama, akapeleka mkono ubavuni. Shubiri haikuingia. Akaikunja kidogo, ikaingia.

“Unafanya nini huko chini?” mjomba akauliza.

“Napima gari, mjomba.”

“Kwa shubiri? Gari linapimwa kama maiti?”

“Napima kama limekaa juu.”

“Liko juu ya ardhi. Ingia twende.”

Tuliondoka saa saba. Mjomba mbele, mimi nyuma, fenesi moja mapajani na jogoo kwenye miguu. Kona ya kwanza tukasikia mkwaruzo chini. Salehe akasema ni majani. Kona ya pili majani yakagonga kama nyundo. Kona ya tatu, palepale alipopiga picha, tumbo likapanda juu ya ule mgongo, likaburuzika, kitu kikapasuka, gari likasimama. Nikashuka nikalala chini, kama Shabbir alivyoshauri. Sampu ilikuwa na ufa, na oili ilikuwa inachuruzika kwenye udongo mwekundu bila haraka yoyote.

“Vipi?” Salehe akauliza.

“Zima.”

Akazima. Ilikuwa saa saba na nusu. Tukashusha mzigo wote ukingoni, na kila kilichoshuka gari likanyanyuka kidogo, mpaka likasimama tena na urefu wake wote wa kujivunia. Salehe akapeleka mkono bila kujua. Shubiri moja na vidole vitatu. Gari tupu, halina oili, limekaa juu kweli.

Hapo ndipo pikipiki ikaja kutoka chini. Mtu mzima, ndevu zimeanza mvi, amefunga godoro la futi tano nyuma yake. Akatupita kwenye ukingo bila kuweka mguu chini, kisha akasimama.

“Shikamoo, Mzee Stambuli! Leo hupandi?”

“Marahaba, Mwinshehe. Leo nimefuatwa na gari.”

Mwinshehe akalitazama gari, akayatazama mafenesi, akaitazama oili. Alikuwa mstaarabu, akarekebisha kamba ya godoro.

“Mjomba,” Salehe akasema, “unamfahamu huyu?”

“Mwinshehe? Si ndiye ananipeleka mnadani kila Jumatano. Mwezi uliopita alinifikisha mpaka mjini, nikapimwe macho.”

“Kwa pikipiki?”

“Ulitaka anibebe mgongoni?”

Salehe akakaa juu ya gunia la mananasi, akainuka haraka. “Sasa mjomba, zile siku mbili nilizokwama, mbona hukushuka naye?”

“Wewe ulinipigia simu ukasema, mjomba usipande bodaboda, nakufuata na gari. Nikakaa mlangoni na kanzu yangu. Mwinshehe alipita mara tano, ananipungia mkono. Ningepanda, si ungesema mjomba amelidharau gari lako?”

Jogoo peke yake ndiye aliyetoa maoni. Nilimtazama Salehe, na sikumcheka, ingawa ilinichukua nguvu. Alikuwa analitazama gari, halafu njia ya kushuka, halafu simu yake iliyokuwa inaita, jina la Zuhura kwenye kioo. Hakuipokea.

“Mwinshehe, kaka yangu,” akasema, “mfikishe mjomba Kingolwira kabla ya saa kumi.”

“Na hivi?” mjomba akanyoosha fimbo kwenye mikungu. “Mimi sishuki mikono mitupu.”

Mwinshehe akapiga simu moja. Kabla sijamaliza kukung'uta vumbi zikawa zimekuja pikipiki tatu nyingine. Walifunga mzigo wote kwa kamba za mpira, fenesi huku na fenesi huku, mkungu juu ya tangi, jogoo kwenye usukani. Godoro Mwinshehe akaliweka juu ya paa la gari.

“Walau libebe kitu,” akasema. “Nilindie, nitalipitia nikirudi.”

“Na mimi?” Salehe akauliza.

“Wewe nini?” mjomba akasema, ameshapanda, kanzu ameikunja vizuri magotini. “Muoaji ana kazi gani kwenye kikao? Tangu lini? Kaa na gari lako.”

Nikapanda pikipiki ya mwisho, tukamwacha pale.

Tuliingia Kingolwira saa kumi kasoro dakika nne, pikipiki nne kwa mstari. Mzee Yusuph alikuwa amesimama barazani, mikono yote miwili ameikunja mbele ya macho. Nadhani ilikuwa mara ya kwanza maishani mwake kuona kitu chenye mabehewa kinaingia Kingolwira kabla ya saa yake. Alilainika usoni.

“Nimesikia mna gari,” akasema.

“Linakuja polepole,” mjomba akajibu, akavua viatu.

Mahari ilipangwa kabla chai haijapoa. Fenesi moja lilipasuliwa hapohapo, watu wakabandikana vidole kwa utomvu, na hakuna aliyeuliza tena habari za gari. Salehe alinisimulia baadaye kwamba Zuhura alimpigia akiwa amekaa chini ya godoro la watu.

“Baba amekubali,” alimwambia.

“Gari limepasuka sampu.”

“Nimekuuliza gari?”

Walioana baada ya Idi, wanakaa Kihonda, wana mtoto mmoja. Mwalimu wa Turiani alioa Mlali. Mjomba Stambuli alifariki mwaka uliofuata, kifua. Shamba lilikwenda kwa Salehe, naye hupanda huko mara mbili kwa mwezi, kwa bodaboda. Bi Asia yupo palepale. Mwinshehe ana pikipiki mbili sasa. Severini bado anapima kwa mkono. Shabbir bado anauza spesa na bado anawaambia watu wasizinunue. Mzee Yusuph saa moja ilimfia, amebaki na ya kushoto. Gari lilitengenezwa sampu, jointi zikaanza tak-tak, likashushwa likawa kama zamani, likauzwa kwa mtu wa Turiani, ambako ardhi ni tambarare. Jogoo aliliwa siku ileile. Mimi nipo Kilosa kwa sasa.