Nta Kwenye Breki

Fundi Raymundi alipokichomoa kile kifuniko kidogo cha mpira kwenye breki ya mbele ya pikipiki yangu, kilitoka na nta. Nta ya nyuki, ya manjano, imeshindiliwa mle ndani mpaka alama ya kidole bado ilikuwa inaonekana.

Sikuhitaji kuuliza kidole cha nani. Aliyeichukua pikipiki yangu Alhamisi bila kuniambia, akaenda nayo Ipole kufuata ndoo zake za asali, akairudisha Ijumaa jioni imeoshwa inang'aa, ni mmoja tu: Modest, mtoto wa shangazi yangu Dafrosa.

Modest ni binamu yangu, na kwetu binamu ni mtani. Nimemzidi umri, lakini tangu ajue kusema hajawahi kuniamkia. Salamu yake kwangu ni "Hujafa tu, Advera?" na mimi humjibu kwamba nangoja nimzike yeye kwanza. Anakula kwangu bila kukaribishwa, nami nikienda kwake nabeba asali bila kuomba. Mtani hanuniwi. Ukimnunia, ukoo mzima unakucheka wewe. Ndiyo maana hata alipoichukua pikipiki nilicheka, mjinga mimi.

Asubuhi hiyo ya Jumamosi nilitoka kwangu Ipuli kuja Ng'ambo kumchukua shangazi, kwa sababu jumuiya yetu ya kanisa ilikuwa inasali nyumbani kwangu. Mwanangu Janeti nilimfunga mgongoni kwa kitenge. Karibu na soko mbuzi wakakatiza. Nikabana breki ya mbele, mkono ukaenda laini mpaka mwisho, kama nimekamua ndizi mbivu. Hakuna kitu! Nikakanyaga ya mguu kwa nguvu zote, tairi la nyuma likateleza kwenye mchanga, tukaenda chini. Nilijitupa kifudifudi ili mtoto asiwe chini yangu. Magoti yangu yote mawili yamechunika. Janeti kachubuka kidevu.

Gereji ya Raymundi inapakana na nyumba ya shangazi, kwa hiyo watu walitusaidia kuisukuma pikipiki mpaka hapo. Shangazi alitoka mbio, akamwosha mtoto, akakaa naye kwenye benchi mpaka akalala, amefunikwa khanga.

"Hii nati ndogo ndiyo ya kutolea upepo," Raymundi alinionyesha. "Kaikaza mpaka ncha yake imeharibika, haikai tena mahali pake. Oili ya breki ikaanza kuvuja. Akaziba na nta, akarudishia mpira juu yake usione hata tone."

"Nta inazuia?"

"Wapi! Breki ikipata moto inalainika. Inaficha tu, dada."

Inaficha. Hapo ndipo damu ilinichemka. Kuharibu, kila mtu anaharibu. Mimi mwenyewe nimeshaharibu vitu vya watu. Lakini ukae chini, uchukue nta, uishindilie kwa kidole, ufute na kitambaa, halafu uje unikabidhi ufunguo unacheka?

Nilimpigia Modest simu, nikamwambia aje amchukue mama yake. Sikumtajia kuanguka. Kisha nikamwambia Raymundi arudishe nta na kifuniko kama alivyovikuta. Alinitazama, akarudisha. Shangazi alisikia yote hayo.

Modest alikuja kwa miguu, kofia upande, meno nje.

"Hujafa tu, Advera?"

"Bado," nikasema. "Mpakie mama yako umfikishe kwangu, watu wa jumuiya wanamngoja. Mimi nakuja na mtoto taratibu."

Nikamrushia ufunguo. Aliudaka, na macho yake yakaenda moja kwa moja kwenye breki ya mbele. Hayakwenda kwenye tairi wala kwenye tangi la mafuta.

"Aa, ngoja nimwitie bajaji."

"Bajaji ya nini, na pikipiki hii hapa?"

"Mama mwenyewe mzito hivi, si ataivunja?"

Alicheka peke yake. Shangazi akanipa mtoto, akakaza khanga yake kiunoni, akaenda akaketi upande kwenye kiti cha pikipiki. Akapakata pochi yake.

"Twende, Modest. Tunachelewa sala."

"Mama, shuka."

"Nishuke kwa nini?"

"Shuka bwana, mama! Haina breki hiyo!"

Raymundi aliacha spana. Mimi nikamfunua Janeti khanga, kidevu kikaonekana.

"Mama yako asipande," nikamwambia. "Sawa kabisa. Jana ulinipa ufunguo nikiwa nimembeba huyu. Ulimfinya shavu, ukamchekesha. Ukaniambia nini? 'Nimekuoshea, usije ukasema sina faida.' Kwa mama yako haina breki, kwa mwanangu ina breki?"

"Nilijua utakwenda polepole tu. Jumatatu ningekuja kuitengeneza. Si unajua, Advera, sisi watani..."

Nilimzaba kofi. Tumepigana makofi maisha yetu yote, tukicheka. Hili halikuwa la kucheka, naye alijua kabla hata mkono wangu haujarudi. Nilimtazama shangazi, nikidhani atamtetea mwanawe. Alikuwa bado amekaa juu ya pikipiki, analia.

Modest alikwenda dukani mwenyewe kununua nati mpya. Raymundi akaifunga, akajaza oili, akachomeka mpira mwembamba kwenye nati na ncha yake nyingine kwenye chupa. Akamweka Modest kwenye breki ya mkono: bana, shikilia, usiachie mpaka nifunge. Mapovu yakawa yanatoka chupani. Modest alibana mpaka jasho likamdondoka puani, na mimi nilisimama juu yake bila kumsaidia hata kwa neno. Mapovu yalipokwisha nilimwambia ajaribu yeye kwanza. Aliendesha mpaka mwisho wa mtaa, akarudi kasi, akafunga breki mbele ya mama yake. Ilishika vizuri. Hasira yangu haikupungua hata kidogo.

Jumapili iliyofuata nilimwona nje ya kanisa baada ya misa, anakuja upande wangu. Jibu langu nilikuwa nalo mdomoni, lile lile la siku zote, na Mungu anisamehe, nililitamani. Nilitaka aniulize kama sijafa, nimtukane mbele za watu, tucheke, yaishe.

Alifika, akavua kofia. Akatazama kidevu cha Janeti, kisha akainamisha macho.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba," nikajibu. Tangu siku hiyo hakuna anayeniuliza kama nimekufa.