Wagonjwa Kumi na Mmoja Wasio na Jamaa

Hospitali nyingi nimeziona katika kutangatanga kwangu, na karibu zote zilikuwa na vitanda, manesi, na picha ya Kiongozi ukutani. Jiko sikuliona. Kwetu mgonjwa huletwa na jamaa zake. Wao ndio wanaolala chini ya kitanda chake, wanaopika uani, wanaomlisha. Si desturi mbaya. Ubaya wake ni kwamba mtu akiangukia mbali na kwao, anaweza kupona malaria akafa njaa.

Na Kamina ni mahali pa kuangukia mbali na kwenu. Njia za reli zinakutana hapa, na kule base, kambi ya jeshi, wamejaa askari waliotoka pande zote za Zaire. Kwa hiyo hapakukosekana mgonjwa aliyelala akinusa bukari ya jirani, ndio ugali wa kwetu.

Mama Hulda, mjane wa fundi mmoja wa reli, aliingia hospitali ya Kamina kumtazama shoga yake, akaona hali hiyo, akarudi kesho yake na sufuria. Mwaka ninaousimulia, wa 1984, alikuwa akilisha watu kumi na mmoja kila siku: bukari na sombe ya majani ya mihogo, na siku njema, dagaa. Sombe ilitoka shambani mwake. Unga ulitoka kwa Yakubu, mfanyabiashara wa watu wa Maniema, aliyempa gunia moja kila mwezi bila kutaka kutajwa. Mwishoni mwa mwezi wa nne Yakubu akaja mwenyewe, gunia limefungwa kwenye baiskeli.

"Mama Hulda, hii njo ya mwisho. Wazee wananiita Kasongo, na duka nimeuzisha. Unisamehe."

"Nikusamehe nini, baba? Umelisha bantu miaka mbili. Mungu akufikishe."

Alipoondoka, Hulda alifungua gunia akatia mkono mpaka kwenye kiwiko, kama anayepima kina cha mto. Siku thelathini. Labda thelathini na tano, akikaza mkono. Mimi nilikuwa mpangaji wake katika kibanda cha nyuma, nikilipa kwa kupasua kuni, na nilimwona akikaa chini kando ya gunia lile.

Habari za gunia zilimfikia Citoyen Mbuyu ("raia", ndivyo chama tawala kilivyotaka tuitane), karani wa zone, yaani wilaya, aliyestaafu kazi bila kustaafu kalamu. Alikuja na fomu kwapani.

"Mama Hulda, kule Lubumbashi wamefungua Fungu ya Huduma za Jamii. Wanapatia unga, mafuta, mablanketi. Lakini wanapatia association. Weye uko association?"

"Minyi niko mupishi."

"Njo ubaya. Fungu haipatie mupishi. Inapatia comité."

Basi tukawa comité. Fomu ilitaka watu saba wenye vyeo, na Mbuyu akawapata katika muda ambao Hulda angetumia kuchambua sombe. Yeye mwenyewe akawa présida, kwa unyenyekevu, baada ya kujiteua mwenyewe na kujikubali. Mimi nikawa sekretere, kwa kuwa nilisoma miaka miwili kwa mapadri wa huku na mwaka mmoja kwa wamisionari wa kule, nikafukuzwa pande zote mbili, lakini mwandiko ukabaki. Hulda alipewa cheo cha mwisho, mshauri, kwa sababu mikutano ilikuwa saa nne asubuhi na saa nne sufuria yake iko motoni.

Mkutano wa kwanza uliamua nani akae kwenye kiti chenye mikono. Mkutano wa pili ulijadili mhuri: uwe na mwenge au uwe na chui. Hakuna aliyesema uwe na sufuria. Na kwa kuwa kwetu watu hawakutani wakaachana wakiwa na njaa, kila mkutano ulikula. Unga ulitoka wapi? Gunia lilikuwa moja tu.

"Tata Lazare," Hulda aliniuliza baada ya mkutano wa nne, "hii comité itashiba siku gani?"

Nilijifuta mdomo. Nilikuwa nimeshiba.

Fomu yenyewe ilikuwa na kurasa tisa, nakala tano. Swali moja liliuliza lengo la muda mfupi. Mbuyu akajibu: mlo. Lingine likauliza lengo la muda mrefu. Mbuyu akafikiri sana, akaandika: mlo wa pili. Majina ya Kizungu yalikuwa yamekatazwa na chama, kwa hiyo Hulda akaandikwa kwa jina la nyumbani ambalo hakuna aliyelijua hospitalini, Citoyenne Mujinga (kwa Kiluba si tusi), na mimi nikaandikwa kwa jina la babu yangu, ambaye hakujua kusoma.

Shida ilikuwa kwenye ukurasa wa sita. Pale palikuwa na orodha ya wagonjwa: jina, umri, ugonjwa, na mwisho kabisa safu iliyoandikwa "Jamaa". Chini yake maneno madogo: msaada ni wa wasio na jamaa peke yao. Nikatumwa na kalamu kwenda kitanda kwa kitanda.

Nilianza na Likoke, askari wa jimbo la mbali la Équateur aliyevunjika mguu.

"Likoke, ndugu, niandike kama weye hauna na jamaa?"

Aliinuka kwa viwiko. "Uandike nini? Sema tena, niite na bale bengine basikie."

"Ni karatasi tu."

"Karatasi njo inabakia, mzee! Minyi nilikufa, au niliokotwa?"

Kisimba, mkulima wa Kaniama aliyeanguka kutoka juu ya lori la mahindi, naye mguu umetiwa plasta, aligeukia ukutani. Mama Ngalula, mwenye miaka sabini na kifua kinachopiga filimbi, alinitazama kwa huruma, kama mimi ndiye mgonjwa.

"Mwanangu, zamani muntu asiye na bantu yake tulikuwa tunamuita mutumwa. Alikuwa anauzishwa. Sasa weye unatembea na kalamu, unatafuta batumwa?"

Nilipaswa kurudi kwa Mbuyu na kusema haiwezekani. Badala yake nilikaa nyuma ya duka la dawa, nikajaza mwenyewe safu yote: hana, hana, hana, mara kumi na moja. Niliona ni neno dogo. Comité ikapiga mhuri wenye chui, na bahasha ikaondoka.

Inspekta alifika wiki ya tatu ya mwezi wa tano, siku mbili baada ya siku aliyotangaza. Aliitwa Citoyen Bolingo, kijana wa suti ya abacost, mwenye adabu na viatu visivyojua vumbi letu. Mbuyu alikuwa amepanga akina mama wa kucheza, nao wakacheza siku zote mbili za kumngoja, na kula. Asubuhi ile gunia la Hulda lilikuwa limebaki kipimo cha siku nne.

Tukaingia wodini: inspekta mbele, comité nzima nyuma yake, Hulda mlangoni na mwiko mkononi, kwa kuwa saa nne ilikuwa imefika.

"Naona kazi nzuri," alisema inspekta. "Nitahakikisha orodha tu, kisha ninatia sahihi. Unga utatoka wiki ijayo." Akafungua ukurasa wa sita. "Citoyen Likoke, mguu. Hana jamaa. Ni kweli?"

Likoke alinitazama kwanza, na sitalisahau jicho lile.

"Nani hana?"

"Imeandikwa hapa."

"Citoyen Inspecteur, minyi natoka mbali, kweli. Lakini angalia pale mulangoni. Ule wa kitambaa ya bulu. Njo mama na ngai, mama yangu kabisa."

Inspekta akageuka, akamwona Hulda, akaandika kitu. "Citoyen Kisimba?"

"Ule njo lolo yangu na minyi," alisema Kisimba, kwa neno la Baluba la mama. "Muntu anakulisha kila siku, utasema haiko lolo yako? Minyi niliotea kama nyasi?"

Mbuyu alimkanyaga Kisimba, aliyeketi ukingoni mwa kitanda, lakini akakanyaga mguu wenye plasta na hakuambulia kitu. Wa tatu akasema ni mama yake mdogo. Wa nne akasema ni dada. Inspekta akapangusa jasho.

"Huyu mama ni nani hasa? Naona hapa: mpishi, Citoyenne Mujinga."

"Njo minyi," alisema Hulda.

Mama Ngalula aliketi wima, jambo ambalo daktari alikuwa amelingoja wiki tatu.

"Weye njo Mujinga? Na siku yote ulikuwa unanyamaza! Mujinga njo jina ya lolo yangu aliyenizaa!" Kwa Baluba anayebeba jina la mama yako ni mama yako, hakuna mjadala. "Lolo, karibia. Nilikulilia kilio mwaka wa tatu wa vita ya Wazungu, na kumbe unarudi na sombe!"

Hulda, mwenye miaka arobaini na sita, akaenda kupokea salamu za binti yake wa miaka sabini. Baadhi ya manesi walipiga vigelegele.

Mbuyu akamvuta pembeni. "Mama, sema hapana. Neno moja tu! Sema hawa wote ni bageni, haubajue. Unga inatoka wiki ijayo, umesikia mwenyewe!"

Inspekta naye alikuwa amesikia. Hakuwa mtu mbaya. Alishusha kalamu, akauliza taratibu, kama anayemwonyesha mtu mlango wa kupita:

"Citoyenne, mimi naandika unachosema wewe. Hawa ni watoto wako?"

Hulda alitazama nje, kwenye sufuria, kisha akavitazama vitanda. Wote walikuwa wamemkazia macho. Likoke alikuwa ameshika ukingo wa shuka kama mtoto anayengoja kusomewa matokeo ya mtihani.

"Ndiyo," alisema. "Beko batoto yangu."

"Wote kumi na mmoja?"

"Bote. Sasa munipishe, bukari inaungua."

Barua ilifika baada ya wiki tatu, nami nikaisoma uani. Fungu la Huduma za Jamii lilishukuru comité kwa mhuri mzuri. Hata hivyo, uchunguzi ulionyesha kwamba wagonjwa wote wana jamaa, tena jamaa mmoja. Na familia inayojipikia chakula chake si kazi ya huduma za jamii. Citoyenne Mujinga alipongezwa kwa kulea, na akashauriwa, kwa afya yake, kufika kwenye ofisi ya kupanga uzazi.

Comité ilivunjika siku hiyohiyo. Mhuri ulikwenda nyumbani kwa présida.

Wakati huo gunia lilikuwa limekwisha zamani. Tulikuwa tunapika mihogo ya shamba la Hulda, mibichi, kabla ya wakati wake, na shimo baada ya shimo shamba lilikuwa linageuka uwanja. Hulda akaingia wodini.

"Batoto yangu," alisema, "munanikula shamba. Muliniita mama mbele ya serikali, na minyi nikaitika. Sawa. Kama minyi niko lolo yenu, basi bale bantu ya kwenu beko ndugu zangu. Na ndugu hawezi kulala njaa na ndugu yake hajue. Munitajie majina yao na vijiji. Tata Lazare, kamata kalamu."

Niliandika barua kumi na moja, kila moja ukurasa mmoja, bila nakala. Zote zilisema: Mtoto wenu yuko hai. Ananiita mama. Kwa hiyo sisi ni ndugu. Ndugu, unga umekwisha. Tulizigawa kwa madereva wa malori na kwa watu wa treni.

Kutoka Kaniama walikuja kaka wawili wa Kisimba na magunia manne ya mahindi, wakimlaumu Hulda kwa kukaa kimya muda wote huo, ndugu gani huyo! Jamaa wa mgonjwa mwingine, watu wa Mulongo, wakaleta mabunda ya samaki wa moshi. Wale wa Kabongo hawakuleta kitu. Walileta barua wakimwomba shangazi Hulda awasaidie paa la nyumba, naye akasema hao ndio jamaa wa kweli kuliko wote. Kwao Likoke hakukujibu mtu, lakini wake wa askari wenzake kule base walikuja na mchele, wakabaki kupika, wakagombana na manesi juu ya kuni.

Siku ya samaki, harufu ilifika hadi nyumba ya Citoyen Mbuyu. Alikuja amevaa abacost, daftari mkononi.

"Mama Hulda, hii michango lazima ipokelewe na muntu mwenye kujua. Minyi kama présida..."

"Hapa hakuna présida," alisema Hulda bila kuinua kichwa. "Hapa ni jamaa. Weye uko mutoto ya nani?"

Mbuyu alifungua daftari, akalifunga. Kutoka dirishani Likoke akapaza sauti: "Aseme! Aseme mbele ya bantu!"

Samaki walikuwa wanachemka na nyanya. Citoyen Mbuyu alitazama kulia, akatazama kushoto, akaona ni sisi tu.

"Lolo," alisema polepole, "nipatie kidogo."

Hulda akamwonyesha mihogo iliyokuwa haijamenywa, na kisu.