Siku Mangeni Alipomwita Kadogo

Nisikilizeni vizuri: sikwenda kumwona Mangeni. Nilikwenda kumwona nguruwe wangu Kadogo akikimbia, halafu nipite nyumbani nikusanye nguo zangu zilizobaki, nirudi zangu kwa dada Mildred, Busia ya Kenya. Basi, mambo yaishe.

Wiki tatu nilikuwa nalala kwa Mildred, na kila aliyeuliza kisa nilimwambia wazi. Mume wangu hanisikii. Si kiziwi, masikio anayo, tena makubwa! Lakini nikisema maneno mia, yeye anajibu "mmh". Nilimwambia mlango wa banda umeoza. Mmh. Nikamwambia Kadogo amezaa, baba, utengeneze huo mlango. Mmh. Nilipomwambia mara ya tatu mbwa walikuwa wameshaingia, na watoto wanne wa Kadogo hawapo. Nikafunga mzigo. Miaka kumi na minane nikiongea peke yangu! Ungekuwa wewe ungebaki?

Labda wewe si wa huku, kwa hiyo nikueleze hizo mbio. Zamani, kiangazi kikikaza, watu waliwaacha nguruwe wazurure wanavyotaka, maana shambani hapakuwa na cha kuharibu. Mvua ya kwanza ikinyesha, kila mtu alitoka kumwita wake arudi bandani kabla mbegu hazijaingia ardhini. Siku hizi tunawafungia mwaka mzima, ila ule mwito umebaki kuwa sherehe yetu ya Jumatatu ya Pasaka, pale sokoni, kando ya barabara ya Tororo. Nguruwe wanafunguliwa upande mmoja wa uwanja. Upande wa pili wenye nguruwe wamesimama, kila mtu ndani ya duara lake la majivu, wanaita. Fimbo hakuna, chakula hakuna, ni mdomo tu. Nguruwe wa kwanza kuingia kwenye duara la mwenyewe ndiye mshindi, na zawadi ni gunia la mbegu za karanga.

Mangeni alikuwa duara la sita, na koti lake la kanisani.

"Shemeji amekonda," Mildred akaninong'oneza.

"Akonde. Nani alimkataza kupika?"

Lakini kola ya koti ilikuwa imejikunja upande mmoja, na mikono yangu ilitaka kwenda kuinyoosha. Nikaikunja kifuani.

"Na wewe unyamaze," Mildred akasema. "Ukifungua mdomo, Kadogo atakuja huku kwenye watu, na shemeji atatolewa."

"Mimi? Leo hata kukohoa sikohoi."

Mzee Egau, mwenye kipaza sauti, akahesabu hadi tatu. Nguruwe tisa wakatoka. Mama Awor akapiga kelele za ulimi, wake akamwendea mbio. Ikwap alikuwa anaimba kabisa, na wake akamfuata. Kadogo wangu, ambaye jina ni la utotoni maana sasa hata wanaume wawili hawamwinui, alitembea hatua kumi hivi, akakaa chini.

"Kadogo! We, Kadogo!" Mangeni aliita kama mtu anayesimamisha boda boda. Kadogo akageuza uso.

"Mpigie simu!" mtu mmoja akapaza sauti, na uwanja mzima ukacheka. Nikacheka na mimi, nisiseme uongo. Moyoni nikasema, ehe, leo umejua kuita mtu asiyekujibu kulivyo.

Ndipo Mangeni akasafisha koo. Akafumba macho, akaweka viganja mdomoni, ikamtoka sauti nyembamba, ya kike.

"Kwii, kwii, kwii. Kadogo wa mama. Njoo mama, jua limechoka na mimi nimechoka. Njoo tulale, mrembo wangu. Wewe peke yako ndiye unanisikia katika boma hili. Kwii."

Banange! Maneno yangu. Yale ninayomwambia Kadogo bandani kila jioni nikidhani tuko wawili. Hata ile pumzi ninayovuta katikati, kwa sababu ya goti langu linaloniuma, aliivuta. Watu walikuwa wanaanguka kwa kicheko, wanawake wanashikana mabega, na Mildred mwenyewe machozi yanamtoka. Mangeni hakuacha. Jasho linamtiririka, kola imepinda, anarudia tangu mwanzo: Kadogo wa mama, njoo mama.

Kadogo akasimama. Masikio juu. Akaja hatua chache, akanusa hewa, akasita. Maneno aliyajua, sauti ilikuwa ya bandia. Akaanza kugeuka arudi alikotoka.

Sijui niliipita vipi ile kamba ya kuwazuia watazamaji. Nilijikuta katikati ya uwanja nimeshika viatu mkononi, na Egau ananifokea, "Nyabo, mama wewe! Duara moja, mtu mmoja! Hiyo ndiyo sheria!"

Mangeni akafumbua macho, akaniona. Alitoka kwenye duara, akaniachia nafasi, akaenda kusimama nje na wale waliokuwa wanamcheka.

Niliita mara moja tu. Kadogo akaja kama lori lililokatika breki, nusura aniangushe.

Tulikuwa wa saba. Karanga alichukua Mama Awor, na mpaka leo anatutambia. Mangeni akaja na kamba, akainama kumfunga Kadogo bila kuniangalia usoni.

"Nani alikufundisha kuniigiza?" nikamuuliza. Nilitaka sauti iwe kali, ikatoka na kwikwi.

"Hakuna mtu." Fundo likamshinda, akalianza upya. "Nasikianga wewe kila jioni, Teopista. Nasimama hapo nyuma ya jiko mpaka umalize."

"Hata ile ya mwisho?"

"Hata hiyo. Jibu ndiyo nakosanga."

Nililia pale pale sokoni, mbele ya Egau na kipaza sauti chake, na sikuona haya hata kidogo. Halafu nikamwambia Mangeni anipe hiyo kamba, maana fundo lenyewe hajui kufunga, apite nyuma amsukume Kadogo, twende nyumbani.